Kambi ya Miaka Thelathini Si Hema

Kila ninaposema nasomea shahada ya usanifu majengo, huulizwa swali lilelile: "Mtu wa kambini, majengo ya nini? Si usome kitu kifupi kitakachokusaidia?" Waulizaji si maadui. Wengine ni ndugu zangu, wengine ni walimu. Lakini wamekosea.

Kosa la kwanza ni kudhani Dzaleka ni mahali pa kupita. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu kama 12,000. Leo wamepita 50,000. Mahali penye soko, makanisa, misikiti, shule na makaburi ni mji, hata kama ramani haitaki kupaita hivyo.

Banda huyohuyo ndiye aliyehamishia makao makuu ya nchi kutoka Zomba hadi Lilongwe mwaka 1975. Lilongwe mpya ilichorwa kwanza, ikajengwa baadaye. Dzaleka ilijengwa bila mchoro, tofali juu ya tofali, kila familia ilipofika. Tofauti hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Kuna walioamua nani anastahili msanifu na nani anatosheka na turubai.

Kosa la pili ni kudhani nyumba ya matofali mabichi haina la kufundisha chuoni. Kila msimu wa mvua ukuta huliwa kuanzia chini, kwa sababu matone yanayoruka kutoka ardhini huulowanisha. Dawa yake ni msingi wa mawe ulioinuka na paa lenye upenu mrefu. Hapo hatuhitaji huruma, tunahitaji hesabu na mchoro. Francis Kéré alijenga shule ya udongo kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika mwaka 2001, naye bado mwanafunzi Berlin. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker.

Hoja moja siipuuzi: sheria. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, ilivichukua vifungu vya elimu ya umma na kazi za kitaaluma kama mapendekezo tu, ikajibakizia pia haki ya kumpangia mkimbizi mahali pa kuishi. Huenda nikahitimu nisiruhusiwe kuweka sahihi chini ya mchoro wangu. Lakini hiyo ni sababu ya kubadili sheria, si ya kunibadilishia kozi.

Walimu wetu, mnapotupa zoezi la kubuni hoteli kando ya ziwa, tupeni pia nyumba moja ya Dzaleka tuipime. Nanyi wenzangu, acheni kuyaita yale "makazi ya muda". Mama yangu anakandika udongo ukuta uleule kila mwaka tangu nikiwa mdogo. Ni muda gani huo?