Goti la kiti na goti la mkeka

Wenzangu wa Kitivo cha Lugha, nitaandika juu ya magoti bandia, na naomba msifikiri kwamba nimepotea njia nikaingia kwa majirani zetu wa Kitivo cha Tiba. Nimekaa katika somo letu, tena katika sehemu yake ya kila siku: vitenzi.

Ninachodai ni hiki. Goti bandia, kabla halijawa chuma na plastiki, ni orodha ya vitenzi. Kuna mtu aliyekaa akaandika kwamba goti la binadamu linapaswa kutembea, kupanda ngazi, kuketi na kusimama. Mhandisi akaichukua orodha hiyo, akapima, akachora. Kitenzi ambacho hakikuandikwa hakikuchorwa. Orodha hizo hazikutungwa kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine yoyote ya nchi yetu, na hilo ni jambo linalotuhusu sisi kabla ya kuwahusu waganga.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe. Mwaka 1890, mjini Berlin, mpasuaji Themistocles Gluck aliweka goti la pembe ya ndovu ndani ya mguu wa mgonjwa. Lilikuwa bawaba, kama ile ya mlango, na maambukizi yaliliharibu. Katika miaka ya 1950 bawaba zilirudi, safari hii kwa akriliki na chuma. Lakini goti letu halifunguki na kufunga tu. Mfupa wa paja unabingirika juu ya mfupa wa muundi, unateleza, na unajizungusha kidogo. Bawaba ilipokataa mzunguko huo, nguvu yote iliingia kwenye mifupa iliyoishika, nayo ikalegea.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Frank Gunston, Mkanada aliyefanya kazi Uingereza pamoja na John Charnley, aliiacha bawaba. Aliweka vipande vya chuma juu ya mfupa wa paja na vipande vya plastiki juu ya muundi, akavishika kwa saruji ya mifupa, kisha akaziachia kano za mgonjwa zifanye kazi ya kuongoza. Mwaka 1974 John Insall, Chitranjan Ranawat na Peter Walker, huko New York, walitoa umbo ambalo magoti bandia mengi ya leo ni wajukuu wake. Kuna kofia ya chuma inayovaa ncha ya mfupa wa paja, sahani inayokaa juu ya muundi, na kati yake plastiki ngumu iitwayo poliethilini, inayochukua nafasi ya gegedu iliyosagika.

Kofia hiyo kwa kawaida ni mchanganyiko wa kobalti na kromi. Msomaji wa Katanga hawezi kulipita neno kobalti kimya kimya. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, kwenye ardhi ya Kolwezi na Likasi. Sehemu kubwa huenda kwenye betri, na ni sehemu ndogo tu inayoishia kwenye viungo bandia. Hata hivyo ulinganisho unauma: madini ya aina yetu yamo katika goti, lakini maisha ya aina yetu hayamo katika orodha yake.

Je, najuaje? Nimesoma mizani wanayotumia kupima kama goti bandia limefanikiwa. Mizani hiyo ni maandishi, na kusoma maandishi ni kazi tuliyofundishwa. Mizani ya chama cha wapasuaji wa magoti cha Marekani, iliyotolewa mwaka 1989, iliipa kazi ya goti alama 100: alama 50 kwa kutembea, alama 50 kwa ngazi. Basi. Kukunja goti kulipimwa pembeni, alama moja kwa kila nyuzi 5, na mwisho ulikuwa alama 25, yaani nyuzi 125. Kuchuchumaa hadi chini huzidi nyuzi 130. Kwa hiyo mtu aliyeweza kuchuchumaa na mtu aliyeshindwa waliweza kupata alama zilezile. Toleo la miaka ya 2010 lilikuja kuongeza kupiga magoti na kuchuchumaa, lakini vizazi kadhaa vya magoti vilikuwa vimekwisha kupimwa kwa mizani ya kwanza.

Hojaji nyingine maarufu ilitungwa Kanada mwaka 1982. Ina maswali 24. Inamwuliza mgonjwa kuhusu ngazi, kuingia na kutoka ndani ya gari, kuvaa soksi, kuingia kwenye beseni kubwa la kuogea. Nyingine, ya mwaka 1998, inauliza kuhusu kuchuchumaa na kupiga magoti, lakini tazama imeviweka wapi: katika sehemu ya michezo na burudani, pamoja na kukimbia na kuruka.

Michezo na burudani! Hapa Lubumbashi, mama anayegeuza bukari mbele ya mbabula hayuko kwenye burudani. Anayechagua mboga alizozitandaza chini sokoni hayuko mchezoni. Choo cha shimo hakina kiti. Mtoto aliyelelewa vizuri, hasa wa kike, bado hupiga magoti anapompa mkubwa maji, na waumini hupiga magoti wakati wa misa, au hufika chini kabisa katika sujudu. Haya ndiyo maisha ya siku ya kawaida, kuanzia asubuhi. Goti linalotembea vizuri lakini haliwezi kushuka chini na kuinuka ni goti la kiti. Watu wetu wengi wanaishi na goti la mkeka.

Kuna tatizo la pili, la ndani zaidi, nalo ni la isimu tupu. Nilimwuliza nkambo wangu goti lake lina nini. Alinijibu hivi: “Goti inakatala. Nikiikala chini, nashindwa kusimama.” Hakusema linauma, wala hakusema limekaza. Goti linakataa, kama mtu anayekataa kutumwa. Hakuna hojaji niliyoiona yenye kisanduku cha “kukataa”. Ina maumivu, ina ukakamavu, ina ugumu wa kufanya kazi. Lakini kitenzi hicho kimoja kinaweza kubeba mambo matatu tofauti: goti linalokwama katikati ya njia, goti linalolegea ghafla chini ya uzito, na goti ambalo mwenyewe anaogopa kulikunja kwa sababu ya maumivu. Kwa mpasuaji, mambo hayo hayafanani. La kwanza linaweza kutoka kwenye gegedu iliyochanika, la pili kwenye kano, la tatu kwenye kiungo kilichosagika. Munganga akiandika “maumivu” kwa haraka, amekwisha kuchagua kabla hajapima.

Msiniambie kwamba dawa yake ni kutafsiri tu hojaji za Kiingereza au Kifaransa. Jaribuni kutafsiri sehemu inayohusu goti kukaza. Kamusi itawapa “ukakamavu”. Lakini ukakamavu katika Kiswahili ni sifa pia: kijana mkakamavu ni kijana imara asiyetetereka. Mkimwuliza mzee kama goti lake lina ukakamavu, anaweza kuwajibu kwa masikitiko kwamba halina tena. Jaribuni “mguu”: kwetu unaanzia nyongani na kuishia kwenye vidole. Jaribuni ngazi ya majibu. Mtu atafikiri kwamba juu ya “sana” ataweka “sana sana”, na chini ya “kidogo” ataweka “kidogo kidogo”. Lakini “sana sana” kwa wasemaji wengi ni “hasa”, na “kidogo kidogo” ni “polepole”. Hojaji imevunjika, na nambari zitakazotoka zitaonekana safi kabisa.

Najua mtakachonijibu. Mhandisi atasema kwamba vitenzi havibadilishi plastiki, na ana haki ya kusema hivyo. Tunapotembea tu, goti hubeba mzigo unaozidi mara mbili uzito wa mwili. Goti likikunjwa sana, chuma na plastiki hugusana kwenye eneo dogo, na mkandamizo unapanda. Chembe za plastiki iliyolika zinaweza kuufanya mfupa ulike na kipandikizi kilegee. Tena, viwanda vimekwisha kujaribu: vilitengeneza magoti ya kukunjika sana, yaliyolenga hasa watu wa Asia wanaoketi chini, na utafiti uliolinganisha magoti hayo na yale ya kawaida kwa jumla haukuona tofauti kubwa. Jinsi goti lilivyokuwa likikunjika kabla ya upasuaji huamua mengi kuliko umbo la chuma.

Nakubali yote hayo, na bado nasimama pale pale. Kwanza, juhudi hizo za Asia zilianza kwa sababu kuna mtu aliyeleta kitenzi mezani. Pili, tuna mfano wa Jaipur, India. Huko, tangu mwaka 1968, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza mguu bandia wa mpira, kwa sababu miguu iliyotoka ng'ambo ilidai kiatu na haikumruhusu mtu kuchuchumaa wala kuketi chini. Huo ni mguu wa nje ya mwili, nao ni rahisi kuliko kipandikizi. Lakini orodha yao ilianza kwa watu wanaoishi chini, na kitu chenyewe kikatoka tofauti. Tatu, hata pale ambapo chuma hakiwezi, neno linaweza. Mgonjwa anayeambiwa “utatembea tena” anastahili kuambiwa pia, kwa lugha anayoilalia, kwamba huenda hatachuchumaa tena, na kwamba wengi wenye goti bandia hushindwa au huogopa kulipigia magoti. Kukubali kupasuliwa bila kujua hilo ni kukubali nusu.

Mwingine atasema: ni nani huku anayeweza kulipa goti bandia? Wachache mno, ni kweli. Lakini vitu vya hospitali havikai ghali milele, na siku bei itakaposhuka, orodha itakuwa imekwisha kufungwa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba magoti bandia kama 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Takwimu zake zilitoka Australia na Finland, nchi za viti na vyoo virefu. Zaidi ya hayo, hojaji ya goti haimngojei mpasuaji. Inahitajika leo kwa mtu anayefanya mazoezi ya viungo, kwa muuguzi wa kituo cha afya, na kwa yeyote anayetaka kujua kama mama huyu anazidi kupona au anazidi kuumia.

Kwa hiyo ninapendekeza kazi, tena ndogo. Tuna kazi za mwisho wa mwaka zinazorundikana juu ya ngeli na methali. Ninazipenda, lakini mmoja wetu mwaka huu achukue goti. Aende kwa wazee, awaache waseme, arekodi vitenzi vyao kama wanavyovisema, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu au cha Kisangani, bila kuvisahihisha. Kisha akae na wenzetu wa tiba, wapange vitenzi hivyo kwa tendo na kwa aina ya maumivu, wavirudishe kwa wagonjwa kuona kama wanavielewa hivyo hivyo. Matokeo yake yatakuwa hojaji ya ukurasa mmoja, na wahandisi wa kesho, wa kwetu au wa ng'ambo, wataweza kuisoma kabla ya kuchora.