Kabla ya kuuza mashine, tununue waya

Ndugu wachimbaji, nanyi mama na watoto wenye kungojea nyumbani, leo tunawaandikia juu ya waya. Waya mmoja wa mita tatu hivi, wenye kuunganisha mashine ya zamani na kompyuta ya leo. Wengine watacheka. Katika mkutano wetu hapa Epulu sisi wenyewe tulicheka, mpaka mama mmoja mwenye kuuza chakula karibu na mashimo akasimama, akauliza: "Zile siku kumi na saba motopompa ililala, nani alikula?" Kicheko kikaisha.

Kila mtu anazikumbuka hizo siku. Turbini ya motopompa ilivunjika, lile gurudumu dogo la ndani lenye kusukuma maji. Motari akaipeleka Bunia kwa njia ya Mambasa na Komanda, zaidi ya kilomita 200, na hali ya usalama mnaijua. Kule ateliye wakamwambia: mashine ya kuikata ipo, lakini haifanyi kazi, agizeni Kampala. Tukaagiza. Maji yakajaa shimoni. Siku tulipoanza tena kuyavuta, ukuta wa upande ukaanguka, sababu udongo ulikuwa umelowa mpaka ndani. Tunamshukuru Mungu watu walikuwa wametoka kula. Turbini yenyewe si kitu kikubwa, inaenea mkononi.

(Tuseme wazi, maana tuko Epulu: ndani ya Réserve ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, kuchimba kumekatazwa, na sendika yetu haimtetei mtu kuingia mule. Tunasema juu ya wanachama wenye kufanya kazi nje yake.)

Sasa habari ya mashine. Ni mashine ya kukata chuma, mafundi wanaiita frezezi, ya aina yenye kujiongoza kwa namba. Zipo duniani tangu zamani: ya kwanza ilionyeshwa Marekani mwaka 1952, kwenye chuo cha MIT, ikisoma amri zake katika utepe wa karatasi wenye matundu. Hii ya Bunia ni ya miaka ya 1980, ubongo wake ni Fanuc wa Japani. Chuma chake kizima, mota zake nzima. Mwenye ateliye anataka kuiuza kama mitraye, kwa kilo, na wanunuzi wamekwisha kuja kuipima kwa macho. Sisi tunasema hapana. Na tuko na sababu.

Ubongo wa mashine hii hausahau kazi tu, unaweza kujisahau wenyewe. Ndani yake kuna orodha ya namba, mafundi wanaziita parametri: meza inaenda mbali gani, mota inazunguka kwa kasi gani, mashine izungumze namna gani na nje. Umeme ukizima, hizo namba zinalindwa na mabetri madogo. Betri ikifa umeme ukiwa umezima, yote yanafutika, na mashine inabaki sawa mtu aliyepoteza akili: mwili upo, lakini jina lake halijui. Ndiyo maana mabetri hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Kwetu Ituri, umeme ukikatika wiki nzima, mnaelewa wenyewe hatari iko wapi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Miaka miwili nyuma ateliye iliita fundi mmoja kutoka nje ya nchi, hatutamtaja. Alikuja na kompyuta yake na waya wake, akanakili parametri na programu zote, akalipwa vizuri, akaondoka nazo. Hakuacha nakala, hakuacha hata mchoro wa waya. Umeme ulipokatika sana, mabetri yakafa, mashine ikasahau kila kitu. Alipopigiwa simu akataka dola 1,500 ndipo arudi. Yaani akili ya mashine yetu ilikuwa imefungwa katika begi ya mtu mmoja.

Kijana wetu mmoja, mkerezaji wa ile ateliye na mwanachama wa sendika, hakukata tamaa. Katika mlango wa ndani wa kabati ya umeme alikuta karatasi za zamani, zimefifia, zenye parametri zote kama zilivyotoka kiwandani. Akaziingiza kwa kidole, moja moja, siku mbili. Mashine ikaamka. Lakini kuingiza programu ya turbini kwa kidole, mistari mia na mia, ni kazi ya mateso, na kosa la namba moja linavunja kisu cha kukatia. Hapo ndipo waya unahitajika.

Akaazima kompyuta. Shida ya kwanza: hizi za leo hazina tena ule mlango wa zamani wa RS-232, uliotengenezwa Marekani mwaka 1960. Zina USB tu. Basi unanunua kigeuzi kidogo, USB upande huu, pini 9 upande ule, na mashine ina pini 25. Akanunua waya uliokwisha kufungwa dukani, akajaribu. Kwenye kioo cha mashine ikatokea alama 085. Mwenye ateliye aliposikia, akasema imekufa, na siku hiyohiyo akaita watu wa mitraye.

Kumbe haikufa. Alama 085 inasema tu: nasikia sauti lakini sielewi lugha. Ni kama mtu wa Mahagi na mtu wa Kinshasa kuzungumza kila mmoja kwa lugha yake. Pande zote mbili lazima zikubaliane kasi na namna ya kupanga herufi. Mashine yetu inataka kasi 4800, biti 7, pariti ya shufwa, biti 2 za kumalizia. Kompyuta ilikuwa imepangwa 9600 na biti 8. Kijana akabadilisha, 085 ikaondoka, ikaja 086: ubongo unalalamika kwamba yule wa upande wa pili hasemi "niko tayari". Waya wa dukani haukufungwa kwa ajili ya mashine ya namna hii.

Akaukata, akaufunga upya kwa mkono wake. Tunaandika hapa namna alivyofanya, ili isibaki siri ya mtu tena. Pini 2 ya kompyuta kwenye pini 2 ya mashine. Pini 3 kwenye pini 3. Pini 5 ya kompyuta kwenye pini 7 ya mashine. Wenye kujua watauliza mbona 2 na 3 hazikupishana: ni kwa sababu katika plagi ya pini 9 na ile ya pini 25 zimekwisha kubadilishana zenyewe, moja inasemea kwa 3, nyingine kwa 2. Halafu ndani ya plagi ya mashine, pini 4 na 5 zinaungwa pamoja, na 6, 8 na 20 pamoja. Hapo mashine inajijibu yenyewe kwamba kila mtu yuko tayari. Kazi ya dakika ishirini kwa mwenye chuma cha kulehemu risasi.

Na angalisho moja kwa wale wenye kutumia grupu: waya uchomekwe vyote viwili vikiwa vimezimwa, na kompyuta itumie betri yake mwenyewe, isiungwe kwenye soketi nyingine. Kama ardhi ya umeme ya pande mbili si moja, umeme unapita katika ule waya mwembamba na kuunguza kadi ya ubongo. Kadi hiyo hatuna pa kuipata.

Jioni ile programu ya kwanza ikaingia. Kumbukumbu ya mashine hii wenyewe waliipima kwa mita za utepe: mita 40, ndiyo herufi kama 16,000. Picha moja ya simu yako inaishinda mara nyingi. Lakini kwa turbini ya motopompa, kwa puli, kwa kifuniko cha konkaseri, inatosha, na kwa kasi ya 4800 inajaa chini ya dakika moja. Wapo wenye kusema ubongo wote ungeng'olewa na kuwekwa kompyuta mahali pake, programu kama LinuxCNC ni za bure. Ni kweli, lakini vyombo vya kuendesha mota si vya bure. Tuanze na waya.

Kompyuta ile ya kuazima imekwisha kurudi kwa mwenyewe. Mashine iko kimya tena, na watu wa mitraye hawajaacha kupiga simu.

Kuna ndugu wametuambia: sendika ni ya kutetea mishahara na watu, waya ni kazi ya mwenye ateliye. Tumelifikiri. Wazee wetu wa Kilo-Moto, kule dhahabu ilikoonekana tangu 1903, walikuwa na ateliye zao, na vijana wengi walijifunza ufundi humo. Mzee mmoja wa OKIMO alituambia kitu ambacho hakimtoki: siku mashine zilipolala, hata wale wenye mikono ya ufundi walirudi kubeba michanga. Mkerezaji mwenye kujua hii mashine analipwa kama fundi. Ikiuzwa kwa kilo, atakuja shimoni na sisi, na turbini tutazidi kuagiza Kampala. Kama hayo si mambo ya mshahara, basi hatujui mshahara ni nini. Na mchimbaji mwenye kushuka katika shimo lililojaa maji siku kumi na saba, huyo naye si mtu wa kutetewa?

Hatusemi waya utaleta amani njiani Komanda, wala kwamba mashine moja itatosha karieri zote. Tunasema bei. Plagi, waya na kigeuzi, kwa hesabu ya kijana wetu, havipiti dola 50. Kompyuta ya mitumba yenye kufanya kazi, dola 150 hivi. Mabetri mapya ni kidogo zaidi. Turbini moja kutoka Kampala, pamoja na njia na siku za njaa, ilitugharimu kupita hayo yote.

Kwa hiyo tumemwandikia mwenye ateliye asiuze mpaka mwisho wa mwezi ujao. Koperative tatu zimekubali kuchanga, tunangojea mbili. Masharti yetu ni haya: kazi ya kwanza ya kompyuta isiwe kupeleka programu bali kupokea parametri, nakala moja ibaki ateliye, moja sendika, moja ichapwe kwenye karatasi na kurudishwa mule mlangoni mwa kabati. Fundi yeyote atakayeitwa kesho, wa hapa au wa nje, atie sahihi kwamba anachokinakili anakiacha. Na vijana wawili, si mmoja, wafundishwe. Mmoja awe binti, wapo waliosoma mekanike na wanauza mafuta ya taa barabarani.

Mchango unapokelewa kwa mwekahazina kila Jumamosi, nyuma ya soko. Mleteni na yule mama wa chakula, yeye amekwisha kutoa franga zake.