FUNDI WA LABORATWARI ANACHEKWA JU YA NINI?

Mu darasa letu tunabishana sana juu ya kuchagua seksio. Karibu wote wanataka kuwa avoka, munganga ao enjenyere. Mwenye kusema atakuwa fundi wa laboratwari, wenzake wanamuchekaka: "We utaosha chupa!" Sisi tunakataa maneno hayo.

Kila mtu wa Lubumbashi anajua ule mlima mweusi karibu na shimini ya Gécamines. Ni mabaki ya tanuru lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Wazee waliyatupa, kumbe ndani mulibaki jermaniumu, iliyotoka mu madini ya Kipushi. Mwaka 2024 Société du Terril de Lubumbashi, mtoto wa Gécamines, ilianza kuituma Ubelgiji kwa Umicore, ni kusema Union Minière ya zamani yenye jina jipya. Huko Olen njo walisafishaka radiumu ya Shinkolobwe tangu 1922. Njia ni ile ile.

Kazi za jermaniumu ni mingi, lakini moja inatushangaza: inatengenezwa detektere, chombo cha kukamata mwali ambao jicho haliuoni. Na ni nani anayeitengeneza? Fundi. Jermaniumu inayeyushwa kwa joto la digri 938, kisha inavutwa polepole mpaka iwe donge moja, safi kupita kila kitu: mu atomu milioni mara milioni, ya uchafu ni kama moja tu. Fundi analikata, analiosha na asidi, upande mmoja anaingiza litiumu. Akiligusa na kidole mahali pabaya, kazi yote ni bule. Analifunga ndani ya chombo kisicho na hewa, analipoza na azoti iliyogeuzwa maji, digri 196 chini ya sifuri. Mwali wa gama ukiingia, unafungua elektroni. Umeme wa volti elfu na zaidi unazikusanya, na alama ndogo inatokea. Profesere anaisoma na kuandika kitabu!

Mu Italia, chini ya mlima Gran Sasso, wajuzi wa GERDA walitundika detektere za namna hii ndani ya argoni ya maji, mawe ya mita 1400 juu ya vichwa vyao, ju ya kutafuta siri ya neutrino. Mpaka 2020 hawakuona walichotafuta. Lakini kama mafundi wangaliacha uchafu kidogo, hawangeweza hata kusema kwamba hawakuona.

Wengine wanasemaka kazi ya mikono ni ya walioshindwa masomo. Wafungue Kutoka, sura ya 31. Bezaleli hakuwa kuhani, alikuwa fundi wa zahabu, feza na shaba, na Mungu alimujaza Roho Wake ju ya kazi ile ile. Sisi watoto wa shaba tungepashwa kujua sura hiyo kwa moyo.

Mwenzetu mmoja alituuliza: "Na kazi hiyo iko wapi hapa kwetu?" Ni swali la kweli, hatulikimbii. Tunajibu kwamba mu nchi ya uraniumu vyombo vya kupima miale vinahitajika, na vinaharibika sawa radio. Tena hakuna atakayejenga laboratwari mahali ambapo vijana wote wanakimbilia kuwa avoka.

Sasa, kabati la fizike la masomo yetu linafungwa mwaka mzima. Tunalomba wakubwa walifungue siku ya Posho mchana. Elektroskopi ni chupa, waya na karatasi nyembamba ya aluminiumu. Na elektroskopi njo Victor Hess alipanda nazo mu baluni mwaka 1912, mita zaidi ya 5000, akagundua miale inayotoka mbinguni. Waya na kizibo viko mu kabati. Chupa tutaleta wenyewe.