Mazida Kwenye Ndege ya Mfano

Kila aliyejifunza arudhi anayajua mazida: neno huvutwa, likaongezewa silabi, ili mizani itimie. Malenga akiyatumia penye haja, sikio halilalamiki. Akiyatumia kwa kuwa hana la kusema, ubeti huumuka kama mkate uliozidi hamira. Neno hilo lilinijia mwezi uliopita niliposikia kauli iliyonikera, nami sikuona sababu ya kuimeza.

Kauli yenyewe haikutolewa kwenye baraza ya washairi. Ilitolewa mezani pangu, penye visu, tupa na makopo ya rangi, ninapounganisha ndege za mfano kila ninapochoshwa na kamusi. (Wanaouona huo kuwa mchezo wa watoto nawaomba subira. Niliwahi kuambiwa pia kuwa tafsiri ni kazi ya wasioweza kutunga.) Kijana wa jirani, fundi wa simu mwenye vidole vitulivu kuliko vyangu, alikuja na F-14A yake ya kipimo cha 1/48, ile iliyotolewa na Tamiya wa Japani mwaka 2016. Hakuwa amenunua chochote zaidi ya sanduku lenyewe. Mgeni wangu, mtu mzima na mzoefu wa ufundi huo, aliigeuzageuza, akasema: "Bila vipuri vya ziada, hiki ni kidoli." Kijana aliizungushia ndege yake gazeti, akaaga kwa adabu. Tangu siku hiyo hajarudi.

Vipuri vya ziada, kwa asiyevijua, ni vile visivyotoka kwa mwenye sanduku. Wako wanaojulikana kwa kuvitengeneza. Eduard wa Jamhuri ya Cheki, kampuni iliyoanza mwaka 1989, ni mashuhuri kati yao. Huuza vibati vya shaba njano vilivyochorwa kwa tindikali, viti na magurudumu ya rezini (hiyo ni sandarusi ya kiwandani), na siku hizi hata vibao vya saa za rubani vilivyokwisha kupakwa rangi. Mtu akivikusanya vyote, bei ya nyongeza huweza kuipita bei ya ndege.

Sisemi vipuri hivi ni vibaya. Nasema vinachaguliwa na mkono kabla ya jicho kuulizwa.

Swali la kwanza ni ndege ipi, na ya siku gani. Tuchukue tarehe 19 Agosti 1981, pale F-14A mbili za kikosi cha VF-41, kutoka manowari Nimitz, zilipoangusha Su-22 mbili za Libya katika Ghuba ya Sidra. Siku hiyo ina watu ndani yake, waliorusha na waliorushiwa. Si pambo la kabati. Ndege zile zilikuwa na injini za TF30 za Pratt & Whitney. Injini za F110 za General Electric zilikuja baadaye, kwenye F-14B na F-14D, na midomo yake ya nyuma, inayotema moto, ina sura nyingine kabisa. Kiti cha kumrushia rubani nje kilikuwa GRU-7A cha Martin-Baker. Kile kiitwacho NACES ni cha F-14D. Na chombo cha LANTIRN, cha kuongozea mabomu, hakikuvaliwa na ndege hizi hadi miaka ya 1990. Basi sikilizeni: mgeni wangu anayo F-14A ya mwaka huo wa 1981, nimeiona kabatini kwake, na LANTIRN inaning'inia chini ya bawa. Aliiweka kwa kuwa kipuri kilikuwa kizuri. Huyo ndiye aliyemwita mwenzake mwenye kidoli.

Swali la pili ni kitakachoonekana. F-14 ina urefu wa mita 19 na ushei. Kwa kipimo chetu inabaki sentimita 40. Kila milimita moja mezani ni milimita 48 za kweli. Bati la shaba lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na chuma cha takriban milimita 5, na bado ni bapa kama jani. Linafaa kwa kilicho bapa. Swichi si bapa, mto wa kiti si bapa, na mkanda wa kiti hulala kwa kujipinda, hausimami kama rula. Ndiyo maana kwenye viti naikubali rezini bila ubishi: kioo cha F-14 ni kirefu, viti viwili vimekaa juu chini yake, na jicho la mtazamaji hutua hapo kabla ya pengine popote. Midomo ya injini nayo ina haki yake, ila kwa sharti. Picha za sitahani zaonyesha mara nyingi F-14A iliyoegeshwa ikiwa na mdomo mmoja wazi na mwingine umefumba. Anayenunua jozi iliyo wazi yote, kwa ndege iliyokunja mabawa sitahani, amelipa ili apungukiwe.

Miguu ya madini meupe siipendi. Aghalabu ni laini, na ndege iliyosheheni rezini huikalia hata ikapinda kama punda aliyezidiwa mzigo.

Nami nimeshalipa ada ya ujinga. Niliwahi kuagiza chumba kizima cha rubani cha rezini kutoka kwa kampuni moja nisiyoitaja. Siku tatu nilikwangua kuta za plastiki kwa ndani mpaka mwanga ukapenya, na bado ubavu na ubavu havikukutana. Nikajaza lipu, nikapiga msasa, na mistari ya mabati iliyochorwa kwa ustadi mgongoni ikafutika. Kisha nikafunga kioo. Sehemu kubwa ya nilichokinunua haikuonekana tena. Vumbi lake pia si la kuchezea: asiyevaa barakoa na asiyelowesha msasa analivuta kifuani.

Mgeni wangu atajibu kuwa ukamilifu ni heshima kwa chombo. Hoja hiyo naijua, kwani wafasiri huitumia wanapomjazia mwandishi vivumishi ambavyo hakuviandika. Heshima ni kutazama. Na sasa niseme lile ambalo yeye hakuliona, ijapokuwa aliishika ndege mikononi. Kwenye mguu wa mbele wa ndege ya yule kijana mlikuwa na mirija ya mafuta, myembamba, imepinda panapostahili. Aliichomoa kwenye waya wa simu mbovu. Mikanda ya viti aliikata kwenye karatasi ya bati ya pakiti ya chai, akailaza begani mwa kiti kama ilivyolala katika picha aliyonionyesha, mmoja umeteleza kando. Mdomo mmoja wa injini ulikuwa umefumba.

Nimemwekea jozi ya viti vya GRU-7A katika kijisanduku cha kiberiti, juu ya rafu, karibu na gundi. Mikanda yake ataamua mwenyewe kama ataing'oa.