Jamaa zetu si Wizara ya Afya

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, Bukavu yote inageuka kikao. Mu Kadutu, mu Panzi, mu Bagira, jamaa zinakaa na kuulizana: huyu mtoto tunamupeleka wapi? Baba mkubwa anasema asome droit. Pasta anasema tuombe kwanza. Na kama mtoto ni msichana, mara nyingi jibu liko tayari mbele yeye mwenyewe afungue kinywa: "Asome bunganga. Bagonjwa habakosekanake."

Maneno hayo hatuyachekeleye. Mzazi mwenye kuyasema ameangalia huku na huku. Ameona mwenye licence ya uchumi anauza unités za simu pale Nyawera, ameona mwalimu mwenye diplome anaendesha pikipiki, na mwenye kuandika hapa naye amemaliza iniverisite na bado anakula kwenye sahani ya mama yake. Basi mzazi anajiambia: angalau mgonjwa yuko. Kweli, yuko. Bukavu haijakosa mgonjwa hata siku moja. Anayekosekana ni mtu wa kumulipa muuguzi.

Na pale Leta ilipaswa kutia feza, imetiwa jamaa. Mama mwenye kuuza sambaza njo analipa masomo ya muuguzi. Yeye njo analipa staji yake. Kisha anamulisha miezi na miezi wakati anafanya kazi bure mu hospitali. Huyo mama ni bailleur de fonds wa afya ya Kongo, na hakuna atelier hata moja mu hoteli ya Nguba ambako wamemualika.

Tuweke hesabu ya mfano, kila mtu ageuze namba kufuatana na nyumba yake. Mama anabakisha faida ya dola 3 kwa siku, anauza siku 26. Ni dola 78. Toa dola 30 za nyumba. Kwa 48 zinazobaki, watu saba wanakula bugali na sombe, wananunua makala, maji na sabuni. Tarehe 20 haijafika, feza imekwisha. Minerivali itatoka wapi? Itatoka mu likelemba. Itatoka mu kipande cha shamba la Walungu ambacho babu aliacha. Itatoka mu masomo ya wadogo. Masomo ya msingi mu shule za Leta yalitangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, lakini secondaire haikuguswa. Kwa hiyo jamaa ikisema "ndiyo" kwa yaya mwenye kusoma uuguzi, inamwambia mdogo wake "ngojea mwaka moja." Halafu mwaka moja unakuwa mbili.

Tena jamaa inachagua mu giza. Kuko njia ya ITM, miaka minne ya humanités, mtoto anatoka A2. Ile iko chini ya Wizara ya Afya. Kuko njia ya ISTM ao iniverisite, ambayo iko chini ya wizara ya ESU, na tangu LMD ianze mu mwaka wa 2021-2022 ile graduat ya miaka mitatu imekuwa licence. Wizara mbili, na mzazi akiuliza swali kila moja inamutuma kwa ingine. Hakuna mwenye kumueleza kwamba A2 anaweza kuingia haraka mu kituo cha afya cha kijiji, na kwamba A1 atatumia feza zaidi mbele apate mahali. Wanamuonyesha bei ya kujiandikisha na tranche ya kwanza. Zingine atazivumbua njiani, moja moja, kama mashimo ya barabara.

Shimo kubwa kuliko yote linaitwa staji.

Mwenye hajawahi kulala mu hospitali za mji huu hajui nani anazitembeza. Usiku, mwenye kupima joto ni staje. Mwenye kubadilisha bande, kuosha mzee asiyejiweza, kukimbia na kipimo laboratware, kushika mkono wa mama mwenye kuzaa, mara nyingi ni staje. Waondoe wote juma moja, utaona vyumba ngapi vitabaki na mtu. Sasa huyo mwenye kushikilia jengo, njo analipa. Analipa haki ya staji. Ananunua bluzi nyeupe, gan, tansiometre, kitabu cha kutiwa saini. Analipa pikipiki ya kwenda gadi saa ya jioni, na ya kurudi asubuhi bila kulala. Wakati mwingine kuna enveloppe kwa mwenye kutia kot, na asiyetoa anaiona mu kot. Hatutaji mahali, kwa sababu si mahali pamoja.

Mama wenye kubeba mizigo pale Beach Muhanzi ni kati ya watu wenye kulipwa kidogo zaidi mu mji huu. Anabeba gunia, mgongo unapinda, wanamtupia franka. Lakini hata yeye, hakuna mtu ameshamuambia amulipe mwenye gunia ili apate nafasi ya kulibeba.

Wakubwa watatujibu: staji ni masomo, na masomo yanalipwa. Sawa. Tunakubali kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anachukua wakati wa mwenye kumufundisha. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye kushika gadi na wagonjwa ishirini, nani anamufundisha saa nane ya usiku? Ile ni kazi. Tuiite jina lake.

Kisha diplome inafika. Kuko sherehe, kuko picha, mama analia. Halafu inaanza ile wanaita kujitolea. "Kuja ufanye kwanza, tutaona." Miezi sita, mwaka, miaka mbili. Wengine wako mu kituo cha Leta na barua ya affectation lakini hawana matrikili, wanaitwa nouvelles unités hata kama wamezeekea humo. Wengine wana matrikili lakini mshahara haujawahi kutoka. Wengine wanapata prime, hawapati mshahara. Leta imeunda ngazi nyingi za kutolipa watu, kila ngazi na jina lake la Kifaransa.

Feza kidogo yenye muuguzi huyo anapata inatoka wapi? Kwa mgonjwa. Mapato ya kituo yanagawanywa mwisho wa mwezi: dawa, rapoti, sehemu ya wa juu, na masalio kwa wafanyakazi. Njo maana mama akizaa na kukosa faktire anazuiliwa kitandani na mtoto wake mchanga, siku, majuma. Watu wanamkasirikia muuguzi, wanasema hana roho. Mukumbuke kwamba ile faktire ndani yake muko bugali ya muuguzi. Masikini wawili wanaangaliana juu ya karatasi moja, na mwenye deni la kweli yuko mbali, hata jina lake halitajwi.

Kule Kenya, mwaka 2024, madaktari waligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Jambo moja kubwa lilikuwa malipo ya madaktari wa intern: mapatano ya 2017 yaliweka shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Wao ni madaktari, sisi tunasema juu ya wauguzi, na Kenya ina feza kutupita. Lakini muangalie wanagombania nini: kiasi gani intern alipwe. Hapa kwetu swali ni kiasi gani yeye alipe. Na hatujaona mtu mwenye kushangaa.

Sheria haikukosekana. Constitution ya 2006, article 36, inasema Leta inahakikisha haki ya kazi na malipo ya haki, yenye kumuwezesha mfanyakazi na jamaa yake kuishi kama watu. Jamaa yake pia, imeandikwa. Article 47 inahakikisha haki ya afya. Kwa vituo vya watu binafsi kuko Code ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002: muda wa kujaribiwa unapaswa kuandikwa na haupite miezi sita, na kazi isiyo na kontra ya maandishi inahesabiwa kuwa kontra ya muda usio na mwisho. Kwa hiyo yule wanayemwita "benevole" tangu miaka mbili, mwenye kuingia kila siku kwa saa na kutia saini mu daftari, mbele ya muamuzi ana la kusema. Tena kuko Ordre ya wauguzi iliyoundwa na sheria ya Julai 2016. Inaandikisha, inaomba cotisation. Vizuri. Tunataka tusikie sauti yake pia juu ya wenye kutolipwa.

Na tuseme jambo ambalo mu vikao vya jamaa linasemwa kwa sauti ndogo. Wengi wenye kusoma uuguzi ni wasichana, na wengi wanaolewa mbele wamalize. Hapo masomo yanageuka mali ya familia mbili. Wakwe wanauliza: gadi ya usiku, gadi gani? Mtoto analala na nani? Mume akikosa kazi, kitu cha kwanza kukatwa ni minerivali ya bibi. Akibeba mimba mu mwaka wa staji, anaambiwa arudie mwaka, na kurudia ni kulipa upya. Wanatoa mashauri mazuri: jipange, tumia pango, omba mama yako akulelee. Yule mama mwenye kuuza sambaza, sasa tena alelee mjukuu! Hatujaona mu hospitali za mji huu chumba cha watoto wa wanafunzi na wafanyakazi wa usiku, na chumba si kitu cha kungojea mzungu kwa kukijenga. Tunawaambia pia wakaka wenzetu, bila kuzunguka: bibi yako akitoka gadi saa moja ya asubuhi, mutoto ashaoga na chai iko juu ya meza, hautakufa.

Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia mu mji, haya yote yameongezeka uzito. Benki zilifunga, ndege ziliacha kutua Kavumu, mwalimu ambaye mshahara wake ulikuwa unapita benki alianza kuutafuta kwa njia za kuzunguka. Januari ile ile Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake, na kuko vituo ambako prime ya wauguzi ilikuwa inatoka mu miradi ya namna hiyo. Minerivali haikusimama. Tarehe za kufukuza mu auditware hazikusimama. Kinshasa inasema Bukavu ni yake: basi wauguzi wa Bukavu ni wake, na matrikili yao iko kwake. Wenye silaha wanaoamuru hapa leo wanasema wao njo wakubwa: mwenye kukusanya taksi anapokea na madeni. Hatuchagui kati yao hapa. Tunawahesabia wote.

Tunachodai kinaweza kuanza mbele ya vita kuisha. Kila shule ya uuguzi ibandike mlangoni, mbele ya kuandikisha mtoto, bei yote ya miaka yote, staji na bluzi na jury ndani yake, na kitu kisichobandikwa kisilipishwe. Staji ya mwaka wa mwisho isilipiwe hata franka, na mwenye kushika gadi ya usiku apewe chakula na transport na hospitali inayomutumikisha. Wakurugenzi wanasema hawana feza. Tunawaamini nusu. Waonyeshe mapato ya staji ya mwaka mzima na yaliingia wapi, kisha tutazungumza juu ya nusu ingine. Mwanafunzi mwenye mimba arudie siku alizokosa, asirudie mwaka. Na kila mwenye kupita miezi sita mu kituo bila kontra, apewe kontra ao aambiwe kwa maandishi kwamba hatakiwi, ili aende kutafuta maisha pengine. Kumufunga mtu kwa "tutaona" ni kumuibia ujana.

Kwa wazazi: mu kikao cha mwaka huu, mbele ya kusema "bagonjwa habakosekanake", muende mumuulize muuguzi wa jirani, aliyemaliza miaka tatu iliyopita, mwezi uliopita alipewa ngapi. Mumuulize mbele ya mtoto.

Kwa wanafunzi na wauguzi wa Ibanda, Kadutu, Bagira na wa vijijini: muandike kwenye karatasi mulilipa nini, tarehe gani, kwa staji gani, na mumefanya miezi mingapi bila mshahara. Musitie jina lenu wala jina la mtu mwingine; munajua tuko mu siku gani. Ressi mukiwa nayo, mupige picha na kufuta majina. Karatasi zipitie kwa wanamemba munaowajua mu kartie zenu, mukono kwa mukono, si kwa simu. Tutajumlisha, na jumla tutaitoa hapa hapa, mbele ya tranche ya pili.