Bei ya Msitu wa Derema

Siku maji yakatikapo hapa Mabawa, kila mtu hulitaja bomba, wala hakuna autajaye mlima. Walakini maji tunywayo katika mji wa Tanga hayazaliwi katika bomba. Hutoka katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Bwawa hilo hujazwa na mto Zigi, nao Zigi hushuka kutoka misitu ya Usambara ya Mashariki, huko Amani. Kwa hiyo, wasomaji wenzangu, habari ya msitu wa Derema nitakayoieleza hapa si ya watu wa mlimani peke yao. Ni yetu pia.

Katika milima hiyo iko Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, yenye hekta 8,380. Upande wa kaskazini iko misitu mingine, kama Kambai na Kwamgumi. Katikati yake ndipo ilipo Derema. Huko miti mikubwa ilikuwa ikisimama bado, lakini chini yake wakulima walikuwa wamefyeka na kupanda iliki. Mtu aliyetazama kwa mbali angesema msitu ni mzima. Kumbe kila palizi miche ya miti ilikatwa, na mti mkubwa ulipoanguka haukuwa na mrithi. Iliki nayo huchosha udongo. Baada ya miaka kadhaa mazao hupungua, ndipo mkulima huikata miti iliyobaki apande migomba, miwa au mihogo.

Pengine msomaji atauliza, eneo dogo kama hilo lina thamani gani? Jibu ni kwamba wako viumbe wa kivulini wasiothubutu kuvuka shamba la chai wala konde la mihogo. Mtaalamu wa Kimarekani, William Newmark, alianza kuwachunguza ndege wa Usambara mwaka 1987, akaona ya kuwa msitu ukikatwa vipande vipande, ndege wa chini ya miti hutoweka katika vile vipande vidogo. Yuko huko ndege mmoja mdogo, mwenye mdomo mrefu, ambaye duniani kote hajulikani ila katika Usambara ya Mashariki na katika mlima mmoja wa kaskazini ya Msumbiji. Kwake yeye, Derema ni daraja. Daraja likivunjika, walio ng'ambo hii na walio ng'ambo ile hawataonana tena.

Ndipo ikaamuliwa kulirudisha daraja hilo. Zilipatikana fedha za serikali yetu, za Ufini, za Benki ya Dunia na za wafadhili wengine, na wakulima zaidi ya 1,000 wakalipwa fidia ili wayaache mashamba yao. Mwaka 2010 Derema ikatangazwa kuwa msitu wa hifadhi. Tena haikuwa peke yake nchini. Mwanzoni mwa mwaka 2019 ilitangazwa kwamba msitu wa Magombera, katika bonde la Kilombero, umenunuliwa kutoka kampuni ya sukari kwa fedha za vyama vya hifadhi vya ng'ambo. Katika msitu huo aligunduliwa kinyonga ambaye mwaka 2009 alipewa jina la Magombera yenyewe.

Lakini hapana budi tuitofautishe Derema na Magombera. Kampuni ikiuza msitu, hupokea fedha na kuendelea na sukari yake. Mkulima hana biashara nyingine ya kuendelea nayo. Zaidi ya hayo, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Basi kule Derema kilicholipiwa hasa ni mazao yaliyokuwamo shambani. Malipo yenyewe yalichukua miaka. Wakulima waliahidiwa pia mashamba mengine katika shamba la zamani la mkonge la Kibaranga, huko bondeni. Sasa fikirini: iliki hupenda ubaridi na kivuli. Aliyeilima maisha yake yote akipelekwa kwenye joto la mkonge, hapewi shamba tu. Anapewa na kazi mpya asiyoijua.

Wako wasemao kwamba hayo si neno, kwani msitu ni wa taifa zima na wachache hawana budi kuumia. Wako na wengine wasemao kwamba ndege na vyura wamepewa heshima kuliko watu. Mimi nasema wote wamekosea. Msitu ule ulistahili kuokolewa. Lakini mtu mmoja akiutoa mkate wake ili wengine wapate maji, hao wapatao maji wanadaiwa.

Wala tusidhani kwamba fidia ikilipwa na mipaka ikiwekwa, kazi imekwisha. Upo mti uitwao mhesi, ulioletwa Usambara kutoka nchi za maziwa makuu. Hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu kila mahali. Penye uwazi mhesi huota upesi kuliko miti ya asili. Shamba likiachwa bila kutunzwa, laweza kuwa la kijani na bado lisiwe msitu ule wa zamani. Hapana budi miche ya asili ilindwe kwa miaka mingi. Na nani aijua miche hiyo kuliko wale waliokuwa wakiipalilia? Hao ndio wangepewa kazi hiyo kwa mshahara. Tena mti wa msambu, ambao ni wa huko huko, mbegu zake hutoa mafuta, na wanakijiji wamekwisha kuziuza. Mti wa namna hiyo humlisha mtu bila kukatwa.

Fedha zitatoka wapi? Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hati fungani ya kijani, ikapata zaidi ya shilingi bilioni 50 za kuendeleza huduma ya maji. Kama twaweza kukopa kwa ajili ya mabomba, twaweza pia kuongeza kiasi kidogo katika bili zetu kwa ajili ya watu wa juu watunzao chemchemi, na hesabu yake ibandikwe mahali ambapo kila mtu ataisoma. Najua wazazi wetu wataguna. Lakini bwawa likijaa tope, tutalipa zaidi, na maji tusiyapate.

Derema ilinunuliwa kwa fedha za serikali na za wageni, na kwa jasho la wakulima. Sisi wa mjini, tunaokunywa kila siku, tunadaiwa. Dawa ya deni ni kulipa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne