Ndoo Mbili za Asali



Masika yaliyopita nilifundishwa na ndoo mbili za asali jambo ambalo chuoni sikulisoma. Akina mama wa msikiti wetu hapa Kyela walinunua masega kwa mrina asali wa upande wa Matema, wakakusudia kuyachuja, kutia asali katika chupa na kuiuza, ili faida iezeke upya chumba cha madrasa. Nami, kwa kuwa ni katibu wa kamati, nikajitwika usimamizi wa kazi nisiyoijua.

Tulichuja kwa siku mbili. Masega yalipokwisha kukamuliwa yalibaki na utamu mwingi, nikaona ni israfu kuyatupa. Nikaagiza yasuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kisha maji yale yamiminwe katika ndoo zilezile. Bibi mmoja, ambaye marehemu baba yake alikuwa na mizinga ya magogo, akaniambia kwa upole, "Ustadhi, mwanangu, asali haipendi maji." Nikamjibu kwamba maji yenyewe yamechemshwa. Akanyamaza kwa adabu, na laiti asingenyamaza.

Wiki ya tatu vifuniko vilianza kutuna. Chupa ya kwanza kufunguliwa ilitoa povu na harufu ya uchachu. Wazee waliokuwapo waliitambua harufu hiyo mara moja, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja: ilikuwa harufu ya wanzuki.

Asali iliyokomaa ina maji machache. Kiwango cha kimataifa kwa asali nyingi ni yasizidi asilimia 20. Ndani yake mna hamira za asili ambazo hulala tu kwa kukosa maji ya kutosha. Maji yakiongezeka huamka, zikala sukari na kutoa kileo. Kuchemsha maji hakukusaidia kitu, maana hamira zilikuwa ndani ya asali, si ndani ya maji. Tena asali huvuta unyevu wa hewani hata usipoitia tone. Bonde letu hili, lililobanwa baina ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone, lina joto na mvua nyingi. Ndoo ikiachwa wazi usiku kucha mwezi wa Aprili, hewa peke yake yatosha kuiharibu.

Likaja swali: je, iuzwe? Mmoja wetu alisema hatukukusudia kutengeneza kileo. Ni kweli hatukukusudia. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya kinywaji cha asali cha watu wa Yemen, hukumu aliifungamanisha na kulevya, wala hakuangalia kimetokana na nini. Sisi hatukuwa na kipimo cha kujua chupa ipi imefika wapi. Tukakubaliana kurudisha fedha za wote walionunua na kumwaga iliyobaki. Kwenda nyumba hadi nyumba kuomba chupa zirudishwe ni kazi nzito kuliko kuchuja, nami niliifanya mwenyewe, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Bati za madrasa zikasubiri.

Baadaye nilirudi kwa yule bibi kujifunza upya. Kazi huanza kabla ya chujio. Chagua masega ambayo nyuki wameyaziba kwa nta, maana yaliyo wazi bado yana maji mengi. Yenye majana yatenge kabisa. Ukiyakamua pamoja na mengine, asali hupata maji na ladha mbaya. Kisha vunja masega na uyaache yatone yenyewe katika chujio la plastiki lenye matundu makubwa, ndipo uchuje mara ya pili kwa kitambaa cheupe cha pamba, kikavu, kisicho na harufu ya sabuni. Kamwe usitumie chandarua. Nimekiona kikitumika katika zaidi ya nyumba moja, ilhali vyandarua vingi tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu.

Ikiwa nzito, usiibandike motoni. Huko Kanada watu huchemsha utomvu wa ule mti ambao jani lake limo katika bendera yao. Lita 40 hivi za utomvu huwapa lita moja ya shira, nao huichuja ingali ya moto kwa kitambaa kizito cha sufu ili kunasa chembe za madini mfano wa mchanga. Shira yao imekwisha kupikwa, kwa hiyo moto hauna la kuidhuru. Asali hupoteza harufu yake nzuri, na nta huyeyuka ikifika nyuzijoto 60 na kitu, ikapita kitambaani kisha ikagandia chupani. Yatosha kuweka ndoo iliyofunikwa juani, au ndani ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono wayastahimili.

Baada ya kuchuja, funika ndoo siku mbili au tatu. Povu na vipande vya nta vitapanda juu. Viengue, kisha ujaze chupa zilizokauka kabisa. Ikiganda baadaye, usimtuhumu muuzaji kuwa ametia sukari, kwani asali safi nayo huganda.

Nanyi wazazi, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata iwe safi namna gani. Yaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi kupumua kukawa taabu, na kitambaa chochote hakizinasi. Tahniki iliyopokewa kwa Mtume (s.a.w.) ni ya tende, basi anayemwepusha mtoto na asali asidhani ameacha sunna.

Mrina asali ameahidi masega mengine kiangazi. Bibi ndiye atakayesimamia, mimi nitashika daftari la hesabu. Maji ya kusuuzia masega yatakunywewa na wanafunzi siku hiyohiyo, kabla ya alasiri.